Dawa ya unga haiyeyuki, tikisa pampu

Kuna mkulima wa nyanya huku Ruai alinionyesha shamba lake, mistari mbili za kwanza majani ni meupe kama yamepakwa chokaa, zile za mwisho kando ya fensi ugonjwa wa blaiti unazila tu, na dawa ni ile ile, pampu moja ya lita 20, asubuhi moja. Yeye alishaamua agrovet walimuuzia feki. Nikamuuliza, ulikoroga? Akasema ndio, mara moja, halafu akaenda kunywa chai.

Sasa tukianzia hapo kwa chai. Ukiweka sukari kwa chai ya rangi ukoroge inapotea kabisa, ya juu na ya chini utamu ni mmoja, na hata uichuje na kitambaa sukari hautaiona. Kwa kemia huo mchanganyiko unaitwa homojeniasi. Githeri nayo ni heterojeniasi, mahindi unaona, maharagwe unaona, na anayepakuliwa kwanza anaweza kumaliza maharagwe yote.

Mbolea ya yurea ni kama ile sukari. Inayeyuka yote, ndoo inakuwa baridi ukiishika, na hata ikikaa mpaka kesho haitulii chini. Mbolea ya CAN inaacha unga chini ya ndoo, watu wanadhani wameibiwa kumbe ni mawe ya chokaa yaliyosagwa wakati wa kuitengeneza (mimi naona CAN mahali pake ni kwa udongo, sio kwa pampu).

Lakini mankozebu (dawa ya magonjwa ya kuvu) na dawa za kopa (shaba) za unga ni githeri iliyojificha. Ukikoroga unaona maji ya rangi moja, kumbe ni vichembe vinaelea tu na ukiacha vinashuka, na kwa sababu pampu inavuta kutoka chini, mistari ya kwanza inapata uji na ya mwisho inapata maji. Zile dawa za mafuta zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa pia zinadanganya macho tu, ni matone madogo, yakikaa yanaanza kujitenga.

Kwa hivyo vaa glavu, pima vile lebo inasema, korogea unga kwa kikopo na maji kidogo mpaka uwe laini, mimina kwa pampu yenye maji nusu ndio ujaze, halafu utikise kila baada ya mistari kadhaa. Ukisimama hata kuongea na simu, tikisa tena kabla uendelee.

Kuchanganya vitu viwili, jaribu kwanza kwa chupa ya kuonekana ndani, kwa vipimo vile vile, ungoje nusu saa. Mbolea ya kalsiamu naitreti ikiwa peke yake ni maji safi, magnesiamu salfeti pia, lakini ziweke pamoja zikiwa nzito na zinafanya ukungu mweupe, hiyo ni jasi na itaziba nozo, ile ncha inayotoa dawa. Ikiziba usiipulize na mdomo, chukua mswaki mzee na maji.