Amsha pampu ya oili ya MGB kabla ya kuwasha injini mpya

Injini ya MGB, gari la michezo la Kiingereza (cc 1798), iliyofungwa upya usiiwashe moja kwa moja; amsha pampu kwanza, yaani ijaze oili. Pampu kavu hunyonya hewa tu, na bearingi huanza kulika kabla oili haijafika. Jaza oili ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), toa plagi zote 4, kisha fungua paipu ya rejeta ya oili pale inapotokea nyuma ya bloku. Mimina oili safi kwenye tundu hilo huku mwenzako akizungusha krenki kinyumenyume kwa spana, taratibu: pampu inaivuta ndani, na rota zake (vipande vyake vinavyozunguka) zinapata utando wa oili unaoziba upenyo. Ikishaingia kama kikombe kimoja, rudisha paipu, piga stata sekunde 10 hivi, pumzisha, rudia mpaka geji ya presha ya oili inyanyuke. Bila plagi hakuna kompresheni, kwa hiyo bearingi hazibebi mzigo. Geji ikigoma baada ya raundi 3 au 4, acha. Stata ikizidi inafuta grisi iliyopakwa wakati wa kufunga injini kwenye kemshafti na tapeti (sehemu zinazofungua valvu za injini), na hizo ndizo hufa mapema. Kagua valvu ya presha, inayopunguza presha ya oili ikizidi, ile yenye nati ya kofia nyuma ya bloku. Ikikwama wazi, au pampu yenyewe ikiwa imelika, hata umimine debe zima geji haitapanda.