Mtume uzi, lakini usimrushie hela

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nina watoto watatu, na wote wamejifunza kukaa na watu kwa njia moja: kutumwa uzi. Shuleni wanaziita stadi za maisha, na nimesikia wengine wakisema stadi laini. Jina hilo hunichekesha. Mtoto wa miaka mitano aje mwenyewe aseme, "Mama, nimekosea, chenji imenidondoka," ulaini uko wapi hapo? Wenye ndevu zao linawashinda.

Kutuma mtoto si jambo geni kwetu. Ila wengi tunamtuma ili sisi tusiinuke. Anarushiwa noti, "kimbia, uzi mweusi, usichelewe," basi. Akirudi na uzi tumeridhika, akirudi bila uzi tunagomba, na alichokutana nacho huko njiani hatuulizi.

Anza na nyumba ya jirani, akifika miaka mitatu hivi. Wala usingoje darasa la kwanza. Hata ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamhesabu mtoto tangu sifuri hadi miaka 8. Mpe kitu cha kupeleka, si cha kuleta: bakuli la jirani unalolirudisha, au mkasi ulioazima. Mwenye kupeleka hana maneno mengi: hodi, shikamoo, "mama anasema ahsante." Fanyeni mazoezi kwanza. Wewe jifanye jirani, kaa nyuma ya pazia, yeye apige hodi. Mara tatu, kama hakuna jibu, anarudi na bakuli lake. Hapo pa kurudi ndipo pagumu, maana mtoto huona ameshindwa. Mpokee kawaida tu: "Hawapo? Haya, utapeleka jioni."

Baada ya hapo, duka. Sisi Ngamiani tuna bahati, barabara zetu zina namba, kwa hiyo mpaka wa mtoto unasemeka. Wangu wakiwa na miaka mitano walikwenda duka la upande wetu tu, nami nimesimama mlangoni namwona mgongo. Kuvuka barabara kwa mara ya kwanza kulikuja walipofika miaka saba, na bado wa kwanza nilimfuata kwa nyuma bila yeye kujua. Mtaa wako kama hauna namba, tumia mwembe, msikiti au nguzo ya umeme: "Ukifika hapo, umefika mwisho."

Usimwambie "lete uzi wa bluu." Bluu ziko nyingi. Mimi namkatia kipande cha kitambaa chenyewe, kidogo kama kidole, anakwenda nacho. Na sharti ni kwamba anayechagua ni yeye. Aulaze uzi juu ya kitambaa, aombe ruhusa, atoke mlangoni autazame juani, kwa sababu taa ya dukani inadanganya rangi. Hapo anajifunza kutazama na kuamua, tena anajifunza kumwomba mtu mzima kitu ambacho mtu huyo hakukitarajia. Kabla hajaondoka muulize, "Wasipokuwa nao, utafanyaje?" Kisha nyamaza. Binti yangu wa kati alifikiri muda mrefu hadi nikashona upindo mzima, ndipo akasema, "Nitauliza nani mwingine anauza." Ningemjibu mimi, asingelisema hilo.

Sasa tukae kidogo kwenye foleni, maana hapo ndipo sisi wazazi tunapojichanganya. Mtoto anafika dukani wa kwanza. Anakuja mama mmoja, anapitisha mkono juu ya kichwa chake, anahudumiwa. Anakuja mwingine. Mtoto yupo, macho yako usawa wa kaunta, hakuna anayemwona. Wangu wa kwanza alikuwa anarudi amechelewa nusu saa, nami namgombeza kwamba alikuwa anacheza. Siku nilipokwenda naye nikajionea mwenyewe, niliona haya.

Tumemfundisha mtoto heshima hadi tukamfundisha kutoweka. Heshima ina maneno yake, mpe. Sisi tulitunga haya: "Shikamoo shangazi. Samahani, mimi nilitangulia." Shikamoo inatangulia, samahani inafuata, haki yake inakuja mwisho, kwa sauti ya kusikika lakini isiyo ya ugomvi. Tulifanya mazoezi jioni, mimi nikiwa yule mama mwenye haraka, na nilijitahidi nisiwe mwepesi. Nikimjibu, "Wewe mtoto subiri," afanye nini? Tukakubaliana aseme mara moja zaidi, akimgeukia mwenye duka. Ikishindikana, asubiri, kisha aje anieleze. Kuna wakubwa watasema mtoto huyu ana mdomo. Waache. Wengi, nikwambie kweli, husogea wenyewe na kusema, "Haya mwanangu, chukua."

Upande wa pili wa hilo ni usalama, na hapa sicheki. Shikamoo ni salamu, siyo kibali. Mtoto ajue kwamba mtu anayemwamkia kwa adabu anaweza pia kumkatalia kwa adabu: haingii ndani ya duka nyuma ya kaunta, hapokei pipi ili amsindikize mtu, habaki akiambiwa "njoo kwanza." Maneno ni mafupi: "Mama ananiona, ahsante," na miguu inaondoka. Hata kama ni mjomba wa mtaani anayejulikana na wote. Na akija kukuambia hakumpenda fulani, usimtetee fulani.

Hela. Usianze na noti kubwa. Anza na sarafu ambazo zinatimia kamili, kisha zenye chenji ya shilingi 100 au 200, akuhesabie mkononi mwako akirudi. Hili nililiharibu mwenyewe kwa mtoto wa kwanza. Alipoteza 2,000, nikampigia kelele mbele ya wateja. Mara iliyofuata ilipopungua 200 akasema bei imepanda. Nikaamini! Wiki nzima nilikuwa namlaumu mwenye duka kimoyomoyo, kumbe mtoto alikuwa amejifunza kwangu kwamba ukweli una kelele. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hela iliyopotea inaulizwa maswali mawili tu: uliiweka wapi, na safari nyingine utaiweka wapi? Ilichukua miezi hadi akaacha kunitazama usoni kwanza kabla ya kujibu. Kwa wadogo zake nilishona vijifuko vyenye kamba ya kuvaa shingoni, mabaki ya kitenge hayakosekani.

Michezo sitaieleza sana. Rede na kombolela vinawafundisha kushindwa kuliko hotuba yangu yoyote, mradi usikimbilie kuamua kila wanapozozana. Nikisikia kelele nahesabu hadi ishirini. Mara nyingi nikifika kumi na tano wameshaanza upya.

Juzi kitindamimba, ana miaka sita, nilimtuma uzi wa gauni la rangi ya zambarau. Akarudi na uzi mkononi na uso umekunjwa. Nikajua kuna jambo, nikaendelea kukanyaga cherehani. Akasimama pembeni hadi mguu ukapumzika, akasema, "Mama, shikamoo. Huu si wenyewe, umezidi wekundu. Nimemwambia nauchukua uutazame, ukiukataa naurudisha kabla hajafunga. Amekubali. Anafunga akienda kuswali."

Nikaulaza juu ya kitambaa. Ulikuwa umezidi wekundu kweli. Nikamrudishia, akatoka mbio, kisha akakumbuka na kuanza kutembea.