Kubadilisha kidaraja cha shingoni kwenye udi wa mtumba

Udi wa mtumba, ile ala ya muziki ya nyuzi, ukikoroma, lawama huenda kwenye nyuzi. Kijana mmoja wa Michenzani, Unguja, kanunua seti nzima mpya, kaitia, na udi bado unakoroma. Ubaya ulikuwa kwenye kidaraja, kile kipande chembamba kilichokaa mwisho wa shingo, pale nyuzi zinapopinda kwenda kwenye vigingi vya kukazia. Tumekibadilisha pamoja, na hivi ndivyo kazi inavyokwenda.

Hakikisha kwanza. Piga uzi bila kuubana. Ukikoroma, kisha ukiubana ukalia safi, basi ni kidaraja: mkato unaokalia uzi umelika ukashuka. Ukikoroma hata ukibanwa, tazama shingo, siyo hapa.

1. Kukitoa. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo. Pitisha ncha ya kisu kuzunguka kidaraja ili rangi isibanduke nacho, weka kijiti upande wa vidole, yaani unakobania nyuzi, gonga taratibu. Kitatoka.

2. Mfupa. Plastiki siitaki, nyuzi huila upesi. Nenda buchani Darajani, omba mfupa wa mguu wa ng'ombe. Uchemshe, ukwangue mafuta, uanike kivulini mpaka ukauke kabisa. Pembe ya ndovu usiiguse hata ukiletewa bure, ni kesi. Kata kwa msumeno wa chuma, sawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, na jifunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi la mfupa ni baya kifuani. Chini pawe bapa kabisa. Mwanga usipite kati ya mfupa na shingo.

3. Kupima mikato. Hapa ndipo jioni nzima inapoweza kupotea. Usinakili kidaraja cha zamani, maana hujui nani kakichonga. Na usipime kutoka katikati ya uzi hadi katikati ya uzi. Uzi wa besi ni mnene kuliko wa sauti ya juu, kwa hiyo ukifanya hivyo nafasi za upande wa besi zitasongamana. Pima uwazi ulio baina ya nyuzi.

Udi wa nyuzi 11 una jozi 5 na uzi mmoja wa peke yake. Tuseme kidaraja kina upana wa milimita 37. Acha 2.5 kila pembeni, zinabaki 32. Toa unene wa nyuzi zote ukiujumlisha, tuseme 8, zinabaki 24. Ndani ya kila jozi acha uwazi wa 1.5, jozi 5 zinakula 7.5. Zilizobaki 16.5 gawa kwa 5, unapata 3.3 baina ya jozi na jozi. Pima unene wa nyuzi zako mwenyewe kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene; hiyo 8 ni ya mfano tu.

Chora alama kwa penseli iliyochongwa kali, kwaruza kidogo tu, kisha tia nyuzi zikae bila kukazwa sana. Bana kwa vidole vyako, utazame. Mkwaruzo unahamishika, mkato hauhamishiki.

4. Kuchimba. Tupa za kazi hii ni ghali. Mimi natumia vile vijiwaya vya mafundi wa kuchomelea vya kusafishia mdomo wa gesi, vinauzwa seti ya unene mbalimbali. Chagua kinacholingana na uzi. Mkato ushuke kuelekea kwenye vigingi, na ukingo wa upande wa vidole ndio uwe juu kuliko pote. Uzi ukiegemea nyuma, utalia kama nyuki ndani ya debe na sauti haitakaa. Chimba nusu ya unene wa uzi tu. Mfupa uliobaki juu uusage.

Kimo cha nyuzi juu ya shingo: karatasi mbili za daftari zipite kwa shida chini ya uzi mwembamba, tatu chini ya besi. Kila ukikaribia, kaza uzi, piga, legeza, chimba tena. Unga wa risasi ya penseli ndani ya mkato husaidia uzi kuteleza.

5. Gundi. Tone mbili za gundi nyeupe ya mbao, basi. Supagluu hapana, siku kikitakiwa kutoka kitang'oka na mbao.

Ila ukichimba mkato mmoja ukapita kiasi, hapo supagluu ina kazi: jaza mkato kwa vumbi la mfupa ulilosaga, dondosha tone moja, ngoja pakauke, uchimbe upya.