Somo: Kutafuta kazi isiyokukalisha mbele ya kompyuta kutwa nzima

Salaam wakuu. Naandika hili mara moja, ili atakayeniuliza tena nimtumie kiungo niendelee na shughuli zangu. Kila wiki inboksi yangu inaimba wimbo mmoja: "Kaka nimechoka kukaa, macho yanawaka, mgongo si wangu tena, nitafute kazi gani?" Sipigi ramli. Nilikaa miaka sita nikiingiza takwimu, nikahama mara mbili. Mara ya kwanza niliangukia pua. Mara ya pili nikawa fundi wa majokofu na viyoyozi, na ndipo nilipo hadi leo. Nitakayosema yanatoka huko.

HATUA YA 1: Jua unachokikimbia.
Kiti, skrini, kufungiwa ndani na bosi ni vitu vinne, kila kimoja na dawa yake. Anayemkimbia bosi ahame ofisi, asihame fani. Anayekimbia skrini akaenda kuwa dereva, skrini kaiacha lakini kiti kaondoka nacho. Na kiti si mchezo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walitoa utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa zamu nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, walioshinda wakipanda na kushuka ngazi. Basi lilelile, moshi uleule.

HATUA YA 2: Kwa siku tatu, andika saa kwa saa unachofanya kazini sasa hivi.
Daftari na kalamu, basi.

HATUA YA 3: Tafuta kwa makundi, usitafute kwa majina unayoyajua.
Ukikaa kufikiri mwenyewe utataja kazi saba, na tatu kati ya hizo umeziona kwenye filamu. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina mpangilio unaoitwa ISCO-08 wenye makundi makuu 10. Kundi la 4, la makarani, ndilo unalolikimbia. Soma la 3, mafundi sanifu, na la 7, mafundi stadi. Humo utakutana na watu ambao hukuwahi kuwafikiria: mpiga picha za eksirei, mtaalamu wa maabara, mkaguzi wa majengo, fundi lifti, mchomeleaji, fundi bomba. Sisi wa majokofu ni namba 7127. Ukishapata majina kumi, yaingize kwenye O*NET, hifadhidata ya bure ya Wizara ya Kazi ya Marekani. Kwa kila kazi inaonyesha watu wanakaa kiasi gani, wanasimama kiasi gani, wanatembea kiasi gani, wako nje au ndani. Ni ya Kimarekani, ndiyo, lakini lifti ikikwama inakwama vilevile popote.

HATUA YA 4: Uliza habari za jana.
Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo msipite mbio.

Tangazo lilisema "afisa wa fildi". Picha yake: kijana kavaa buti na kofia ngumu, nyuma yake vilima. Nikaenda, nikamkuta afisa mmoja, nikamuuliza, "Kazi ikoje?" Akasema, "Nzuri, tunazunguka sana." Hakunidanganya. Nilipoanza nikakuta tunazunguka Jumanne na Jumatano. Siku tatu zilizobaki ni kuhamisha madodoso kwenye Excel, kupunguza ukubwa wa picha ziingie kwenye ripoti, na kuirekebisha ripoti iliyorudishwa mara ya tatu kwa sababu rangi ya vichwa si ile anayoitaka mfadhili. Wiki ya mwisho ya mwezi hakuna aliyevuka geti. Baada ya miezi minne nikatoa lile daftari la Hatua ya 2 nikahesabu: kila saa moja niliyosimama nje ilizaa karibu saa tatu za kukaa. Nilikuwa nakaa kuliko kule nilikotoroka, tena kiti chenyewe mguu mmoja mfupi, nimeukunjia karatasi.

Kosa langu lilikuwa swali. Ukimuuliza mtu kazi ikoje, anakusimulia ile sehemu anayoipenda. Muulize hivi: "Jana ulifanya nini, tangu ulipofika mpaka ulipotoka?" Kisha nyamaza. Akisema jana haikuwa siku ya kawaida, muulize juzi. Akisema na juzi haikuwa ya kawaida, basi hizo ndizo siku zenyewe. Waulize watu watatu, na mmoja awe ameshaiacha kazi hiyo, maana yeye hana cha kulinda. Ofisi ya rasilimali watu usiihesabu kati ya hao watatu.

Halafu omba kushinda nao siku mbili. Moja iwe siku yoyote, nyingine iwe wakati wa kufunga mwezi. Mimi nilikwenda Jumanne tu, nikaona vumbi na jua, nikadhani nimefika.

Tahadhari: "fildi" kwenye tangazo si ushahidi wa chochote. "Mratibu", "msimamizi" na "meneja" ni vyeo vya kukaa hata ukivivalisha buti. Na hata ufundini uliza mapema: fundi akisifiwa sana hapa anapandishwa kuwa nani? Sehemu nyingi zawadi ya kufanya vizuri kazi ya kusimama ni kukalishwa.

HATUA YA 5: Pima mwili kabla ya kulipa ada.
Umeme na reli vinataka macho yanayotofautisha rangi. Kipimo cha Ishihara, vile vitone vya rangi vyenye tarakimu ndani, hakichukui muda. Kuna mwenzangu alisoma karibu mwaka mzima ndipo akagundua kwamba waya mwekundu na wa kahawia kwake ni ndugu. Kama unataka kazi za juu, panda kwanza ngazi hadi paani, usikie magoti yatasema nini.

HATUA YA 6: Kabla ya kulipia chuo, wapigie waajiri wawili uwaulize kama cheti hicho wanakitambua.

HATUA YA 7: CV ukurasa mmoja.
Weka juu kila ulichowahi kufanya kwa mikono, hata kama hukulipwa. Ujuzi wa kompyuta usiufiche: mitambo ya siku hizi ina vidhibiti vya kidijitali, na fundi anayevielewa anagombewa.

HATUA YA 8: Barua ya kuacha kazi inaandikwa mwisho, ukiwa umeshika mkataba mpya mkononi. Si kabla.

MASWALI YA WANACHAMA

Jongoo: Mkuu maelezo marefu sana. Tutajie tu kazi tano nzuri tumalize.

Jibu: Hatua ya 3.

Mama Pacha: Asante kaka. Mimi nafikiria uuguzi, sitaki tena kuiona kompyuta. Nitakuwa nimepatia?

Jibu: Miguu utaitumia dada, hilo halina ubishi. Kompyuta sina uhakika utaikwepa, kwa sababu kila dawa na kila kipimo lazima kiandikwe, na hospitali nyingi zinaandika kwenye mfumo. Kama unachokikimbia ni kiti, nenda. Kama ni skrini, waulize jana yao wauguzi wa idara tofauti tofauti, majibu hayatafanana. Humu wamo, nadhani watakuja.

Zamu ya Usiku: Nimekuja, mimi ni muuguzi. Chumba cha upasuaji nasimama karibu zamu nzima. Nilipokuwa wodini nilikuwa natembea kidogo, napiga chapa kidogo, natembea tena. Kliniki ndiko nilikokaa zaidi. Mama Pacha, nunua soksi za kubana miguu kabla hujanunua sare, utanikumbuka.

Mbishi Halali: Kazi ya fildi umeshindwa wewe, usiwatishe watu. Mimi niko fildi mwaka wa tano na nakaa saa moja tu kwa siku.

Jibu: Sijasema fildi ni mbaya. Nimesema waulizwe jana yao. Ya kwako umeshaitaja, saa moja, na mtu akija kwako atapata jibu zuri. Ya kwangu ilikuwa tofauti na daftari ninalo. Au unataka nilichome?

Mbishi Halali: Sawa mkuu, usikasirike.

Jibu: Sijakasirika.

Arobaini na Moja: Shikamoo... au tuseme habari, sijui nani mkubwa hapa. Nina miaka 41, goti la kushoto linalia nikipanda ngazi, nimekaa ofisini miaka 15. Je, ufundi bado unanifaa, au nimechelewa?

Jibu: Marahaba siipokei, wewe ni kaka yangu. Hujachelewa, ila chagua tawi. Kwenye fani yangu kuna wanaobeba mitambo, na kuna wanaokuja baadaye na geji na kipimajoto kuhakiki na kurekebisha. Hao wa pili wanatembea kutwa lakini hawabebi sana, na mtu mzima mwenye subira ndiye anayefaa. Ukaguzi wa majengo, vifaa vya kuzimia moto na mizani uko hivyohivyo. Kuhusu kubeba, NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaanzia hesabu yake kwenye kilo 23, na hapo ni hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hujipindi, una pa kushika. Ukinyoosha mikono mbele au ukajipinda, kikomo kinashuka. Mwajiri akikwambia kilo 40 peke yako ni kawaida, hiyo nayo ni habari ya jana yake. Goti liangaliwe na daktari kabla ya Hatua ya 6. Na pedi za magoti zivae tangu siku ya kwanza, usisubiri maumivu yakukumbushe.

Nataka Sasa: Hapo kwenu nafasi zipo? Nitumie namba.

Jibu: Hili ni somo, si tangazo.

Mdadisi: Mkuu, kwenye somo jingine uliwahi kuandika kwamba mwezi wako wa kwanza kwenye majokofu uliharibu mtambo kwa sababu ya naitrojeni. Naweza kuuliza ilikuwaje? Nimeomba uanagenzi.

Jibu: Uliza kabisa, hayo ndiyo maswali. Tunapounga mabomba ya shaba kwa moto, ndani ya bomba kuna hewa, na oksijeni ikikutana na shaba iliyoiva inatengeneza magamba meusi. Kwa nje kiungo kinang'aa, unajipongeza. Ndani kuna kitu kama masizi ya sufuria. Mtambo ukiwashwa, magamba yanabanduka, yanasafiri na gesi mpaka kwenye njia nyembamba kuliko zote, yanaziba. Dawa yake ni kupitisha naitrojeni polepole ndani ya bomba wakati unaunga, iisukume oksijeni nje. Polepole, yaani uisikie kama pumzi kwenye shavu. Mimi niliona mtungi uko mbali, nikasema viungo viwili tu havina neno. Baada ya wiki tukarudi, mzee aliyekuwa ananifundisha akakata kipande cha bomba, akakipasua kwa msumeno, akanikabidhi bila kusema kitu. Ninacho kwenye sanduku la vifaa mpaka leo.

Mambo mawili yaandike. Usifungue mtungi huo bila rigeleta, kile kifaa cha kupunguza presha. Na usithubutu kupima uvujaji kwa oksijeni badala ya naitrojeni, kwa sababu oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

Mdadisi: Nimeandika. Na gesi zenyewe za kupoozea? Nasikia zinabadilishwa.

Jibu: Ndiyo. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliziondoa zile zinazotoboa tabaka la ozoni, kisha marekebisho ya Kigali ya 2016 yakaanza kupunguza zilizofuata, maana zinaongeza joto la dunia. Zinazoingia sasa, kama R-32 na R-290, zinashika moto. R-290 ni propani tu, ileile. Kwa hiyo chagua mahali pa uanagenzi wanapofundisha gesi zinazowaka, usijifunze za jana peke yake. Na nchi nyingi zinadai cheti maalumu kabla hujaruhusiwa kuzishika, uliza mapema.

Nyundo: Ongezea masikio mkuu. Mimi ni wa karakana, wageni wote wanajali macho, masikio hakuna.

Jibu: Umesema kweli, nilisahau. Kikomo wanachopendekeza NIOSH ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 una dakika 15. Simu ikiwa na programu ya kupimia sauti utapata picha hata kama si sahihi sana. Ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, vaa vizibo.

Jongoo: Mkuu nimerudi, nimesoma hatua ya 3. Lakini wewe mwenyewe si uko kwenye kompyuta sasa hivi unatujibu?

Jibu: Niko juu ya paa, nimeegemea tangi la maji, natumia simu. Pampu inavuta vakyumu, yaani inatoa hewa na unyevu mabombani, na nasubiri presha iliyobaki ndani ishuke chini ya mikroni 500. Sasa iko 740. Kama una swali la kweli, uliza kabla haijafika.

Jongoo: Unavaa viatu gani?

Jibu: Vya usalama, vyenye kofia ya chuma kwenye vidole, namba moja zaidi ya ile ya kawaida, kwa sababu mchana miguu inavimba. Kavijaribu jioni, usiende asubuhi. 510. Haya, naingia kazini.