SOMO: Kuitambua chapa halisi ya Pennell kabla hujatoa hela

Nimechoka. Kila wiki inboksi ni ile ile: picha ya simu, giza, kioo kinaakisi taa, halafu "kaka, hii orijino?" Naandika mara moja tu.

Tunaongelea chapa, yaani picha za msanii zilizopigwa kwenye karatasi kutoka kwenye bamba au jiwe, zinazoonyesha viwanda vya mwanzoni mwa karne ya 20: matanuri ya chuma, kreni, meli zikiundwa. Mchoraji Joseph Pennell wa Philadelphia, Marekani, ndiye anayechanganya watu zaidi, maana alifanya kwa njia mbili: bamba la shaba linaloliwa na asidi, na litografia (picha inayochapwa kutoka kwenye jiwe bapa).

1. Itoe kwenye fremu.

2. Lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona nukta zimejipanga kama askari wa gwaride, huo ni ukurasa wa kitabu. Kwaheri.

3. Ilaze, mulika kwa pembeni. Chapa ya shaba: wino umeinuka kidogo, na karatasi imebonyea kuzunguka picha. Litografia: wino bapa.

4. Mandhari imeelekea wapi? Hapa ndipo nilipoumia. Sokoni kwa mitumba niliona chapa ya viwanda vya chuma vya Pittsburgh, moshi mpaka ukingoni. Nikatafuta picha ya zamani kwenye simu: daraja liko kushoto. Kwenye chapa liko kulia. Nikajiona mjanja, nikamwambia muuzaji kuna mtu kageuza filamu, nikaondoka. Jamaa wa nyuma yangu akaichukua kwa bei ya chakula cha mchana. Kumbe Pennell alikuwa anasimama pale pale na bamba mkononi, anachora anachokiona bila kukigeuza. Likichapwa, kushoto kunakuwa kulia. Kwa chapa zake za shaba hilo ni kawaida.

ONYO: usiipeleke sheria hii kwenye litografia zake za Mfereji wa Panama, 1912. Zile alichora kwenye karatasi maalumu. Mchoro ukahamishiwa kwenye jiwe (ukageuka), jiwe likachapa (ukageuka tena). Zinatoka sawa na mahali penyewe.

ONYO la pili: ukurasa wa kitabu ulionakili chapa iliyogeuka nao umegeuka. Kwa hiyo hatua ya 2 kwanza, kila mara.

5. Sahihi ya penseli chini. Ukiona "imp" baada ya jina, maana yake kachapa mwenyewe.

MASWALI

Mdau_Mgeni: Bei gani hii? [picha]
— Kioo bado kipo. Rudi hatua ya 1.

Bi Karatasi: Yangu haina nambari kama 12/50 (nakala ya 12 kati ya 50). Feki?
— Hapana dada. Enzi hizo wengi hawakuweka nambari.

Fundi Wino: Samahani mkuu, kama kachora kwenye karatasi, bado ni litografia kweli?
— Swali zuri sana, na lilifika mahakamani London mwaka 1897! Mchoraji Walter Sickert aliandika gazetini kwamba zile Pennell alizochora kwenye karatasi miaka hiyo si litografia za kweli. Pennell akashtaki, mchoraji Whistler akaja kumtolea ushahidi, Pennell akashinda, fidia pauni 50. Mimi nasema ni litografia. Hebu fikiria kushuka na jiwe kwenye shimo la Gatun, kule Mfereji wa Panama.

Fundi Wino: Nikitaka kuanza na wengine?
— Tafuta litografia za vita za Uingereza za 1917. Mchoraji Nevinson ana seti ya uundaji wa ndege.

Kalamu_Nzito: Hatua ya 3 inatosha, alama ya bamba haidanganyi.
— Inadanganya. Fotogravia (picha iliyohamishiwa kwenye bamba la shaba kwa njia ya kamera) nayo hubonyeza karatasi. Lenzi itakuonyesha chembechembe kama vumbi badala ya mistari ya sindano. Hatua ziko tano kwa sababu.

Bi Karatasi: Nimeitundika mkabala na dirisha, sawa?
— Ishushe leo. Jua huibabua karatasi. Na usiibandike kwa selotepu, nakuomba.

Mdau_Mgeni: Nimetoa kioo. Naona nukta.
— Zimejipanga?

Mdau_Mgeni: Ndiyo.
— Pole. Fremu ni nzuri lakini.