Sabuni ya nazi kwa akina mama: pimeni kwa mizani

Kundi la kanisa linalokuja Malindi kwa misheni na kutaka kufundisha akina mama kazi ya mikono, anzeni na sabuni ya mafuta ya nazi. Nazi ipo, na sabuni yake hutoa povu hata kwa maji ya kisima yenye chumvi.

Vipimo ni mafuta kilo 1, kostiki soda (sodium hydroxide, kemikali kali inayounguza) gramu 175, maji gramu 350. Hiyo ni ya kufulia. Ya kuogea punguzeni soda hadi gramu 150, isikaushe ngozi. Tumieni mizani ya jikoni, kikombe hakifai kabisa. Tena kopo la soda lifunikwe mara moja: hewa ya pwani ina unyevu, soda hulowa, uzito unadanganya.

Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, polepole, nje penye upepo. Ukimwagia soda maji, huchemka ghafla na kukurukia usoni. Glavu na miwani lazima, watoto wakae mbali. Na sufuria zetu za alumini msiziguse! Soda huzila na kutoa gesi inayoshika moto. Ndoo nene ya plastiki yatosha.

Maji ya soda yakipoa, mimina kwenye mafuta, koroga mpaka mchirizi ubaki juu kama wa uji mzito. Sabuni ikishaganda, kata siku hiyohiyo. Ikilala hukauka na kumeguka. Ianikwe kivulini wiki 4, kwa hiyo achieni mama mmoja mizani na daftari la vipimo kabla hamjaondoka.