Damu imeganda kwenye vena za ubongo: waya unaingia lini, na muulize nini kabla ya kutia sahihi

Ukiambiwa mgonjwa wenu ana bonge la damu kwenye vena za ubongo, usianze na "waya anatiwa lini", yaani ule wa kupitishwa mishipani kuondoa bonge, anza na "heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, ishaanza?" Najua watu washaona zile video bonge lanyonywa kichwani latoka zima zima, lakini nyingi ya zile ni kiharusi cha ateri, mshipa wa kupeleka damu. Hii yenu ni njia ya kurudi. Damu yaingia haina pa kutokea, ka magari Likoni feri ikikwama, presha yapanda mpaka mishipa midogo yavuja.

Kwanza lakini ijulikane. Mzazi yuko ndani ya arobaini, kichwa kila siku chazidi, akilala ndo kibaya, atapika, macho yaona ukungu, mara ashikwa na kifafa, na nyumbani bado mwabishana ni upepo ama baridi ya uzazi... mpelekeni emajensi, kombe mtamnywesha hukohuko, hakuna anayekataza. Hivohivo kwa anayemeza vidonge vya kupanga uzazi, ama mwenye maambukizi ya sikio. Na siti skani ya kawaida yaweza kutoka safi kabisa! Ulizeni skani ya vena, ile ya kudungwa dawa ya rangi, au MRI ya vena.

Heparini yapewa hata kama skani yaonyesha damu imevuja kwa sababu ya huko kuziba, na hapa ndo ndugu hugoma, ati mbona mwampa dawa ya kulainisha damu na huku anavuja? Ni ile presha ndo yavujisha. Heparini yazuia bonge lisikue, mwili nao wapata nafasi ya kulimaliza polepole.

Sasa waya. Kuna utafiti waitwa TO-ACT, matokeo yake yalitoka 2020, wagonjwa 67 wenye hali mbaya, nusu walitiwa waya pamoja na dawa, nusu dawa peke yake, ukasimamishwa mapema kwa vile waya haukuonyesha faida yoyote. Ndo maana huwekewa yule anayezidi kuharibika na heparini anapata: anasinzia haamshiki, kifafa hakikatiki, mkono ulokuwa mzima nao walegea. Daktari akisema "tungoje kidogo" si lazima awe amewatupa.

Wakiamua, watoboa kinena, kateta, mrija mwembamba, yaingia vena ya paja, yapanda, yapita upande wa kulia wa moyo, shingoni, mpaka ndani ya fuvu. Huko bonge lanyonywa, au lavutwa kwa wavu wa stenti, au wapitisha puto, au wamwaga dawa ya kuyeyusha papo hapo. Mshipa waweza kutoboka, damu ikazidi kuvuja. Semeni mapema kuhusu figo, aleji na mimba. Na muulize bila haya, nani ataifanya, na ya vena ashafanya? Kuwa na mashine ya siti skani si kuwa na chumba cha anjio, kile cha kupitishia waya mishipani. Mkipewa rufaa ya Nairobi, daktari apige simu mpaka hospitali ikubali ndo mtoke, CD ya skani mkononi, heparini isikatwe njiani bila amri yake, na SHA, bima ya afya ya serikali, ulizeni yalipa kipi na kipi ni mfukoni mwenu. Ubongo ukivimba sana waya hautoshi, kufungua fuvu ndo kwaokoa.

Akitoka ni vidonge vya kuzuia damu kuganda, warfarini au vile vipya, miezi 3 mpaka 12. Wa warfarini apimwe INR, kipimo cha damu yaganda kwa kasi gani, ikae kati ya 2 na 3. Mjamzito hapewi warfarini, adungwa heparini; anayenyonyesha aweza kumeza warfarini. Vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, basi tena, na Brufen ya dukani asimeze bila kuuliza.